Sedumu zenu msizikate mwezi huu (hotuba ya Jumamosi, nzima)

Kwa wale ambao hamkufika ukumbini Jumamosi: meseji zimekuwa nyingi, kila mtu anataka nilichosema kuhusu sedumu, lile ua la bustani, basi nimekaa jana usiku nimeandika yote kama nilivyoyatamka. Picha za ukutani tu ndio nimeziacha.

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, mambo? Asanteni sana kwa kutoka na mvua hii, najua Jumamosi ya Oktoba hapa Leicester mtu angeweza kabisa kubaki ndani na chai yake ya tangawizi.

Nimeombwa niongee kuhusu bustani na nimechagua mmea mmoja. Mmoja tu. Kuna ndugu yangu pale mlangoni ameniuliza, kaka, nusu saa nzima ua moja? Nikamjibu hata nusu saa hainitoshi.

Huu hapa mezani. Mnauona? Shina nene kama kidole, majani mazito ya kijani chenye kijivujivu, ukilivunja moja linalia tap na maji yanakulowesha mkono. Juu kuna hiki kichwa cha maua, bapa kama sahani. Mama zangu mliokaa mbele sogeeni muangalie kwa karibu, hili sio ua moja, ni mamia ya vinyota vidogo, kila kinyota kina ncha tano. Julai kichwa hiki kilikuwa kijani, kama brokoli ya sokoni. Mwisho wa Agosti kikaanza kuwa waridi, Septemba kikawaka, na sasa hivi mnaona kinaelekea rangi ya tofali. Mmea mmoja miezi minne rangi nne. Unaitwa sedumu.

Nani ana sedumu kwake? Nyosheni mikono tuone. Eeeh, wengi kuliko nilivyotegemea. Sasa nani kati yenu ameshaikata, au ana mpango wa kuikata wikendi hii?

Naona mikono ileile. Basi nimefanya vizuri kuja.

Kidogo kuhusu jina maana litawachanganya mkienda kununua. Miaka mingi wataalamu waliiweka kwenye kundi la Sedum, halafu mwaka 1977 Mjapani Hideaki Ohba akazitoa hizi ndefu zinazochanua vuli, yaani miezi hii ya kabla ya baridi kali, akaziita Hylotelephium. Kwenye vitalu utakuta lebo nyingine zina jina la zamani nyingine jipya, msibabaike, mmea ni uleule. Na huu niliouleta wengi ndio mlionao, Mjerumani Georg Arends ndiye aliyeuzalisha kwa kuchanganya sedumu ya China na Korea na ile ya Ulaya, ukaingia madukani miaka ya 1950 kwa jina la Herbstfreude, maana yake kwa Kijerumani ni furaha ya vuli. Wale mlio na zile fupi zinazotambaa kwenye mawe na mapaa, leo siongelei hizo. Hizo zina mambo yake.

Sasa nianze na hilo la kukata.

Sisi tumelelewa vipi jamani? Alfajiri hujanawa uso, bibi ameshakukabidhi ufagio wa chelewa, uwanja ufagiliwe mpaka michirizi ya ufagio ionekane kwenye mchanga. Jani lililokauka ni aibu. Majani yakisogea nyumba ni kufyeka, mgeni akija akute peupe, aseme hapa kuna watu. Mimi nimekuja Uingereza na mkono huohuo, na nilipopata kazi ya bustani mwaka 2009 nikautumia mkono huohuo. Mteja wangu wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa Kiingereza, mtu mzima sana, anaishi peke yake, bustani yake ndefu kuelekea mtaroni. Novemba ile akaniambia nisafishe. Nikasafisha. Sedumu zilikuwepo mashina kumi na moja yamejipanga kandokando ya njia, yamekauka, vichwa vya kahawia, mimi nikaona uchafu. Nikazikata zote mpaka usawa wa udongo, nikafagia, nikasimama nikaangalia kazi yangu nikajisikia vizuri kabisa.

Bibi akatoka na kikombe cha chai amenishikia. Akasimama pale kwenye njia. Hakufoka, angefoka ingekuwa afadhali. Aliangalia tu ile njia tupu halafu akasema, sasa ndege wangu watashukia wapi?

Mimi sikumuelewa siku ile. Nilimuelewa Januari iliyofuata vuli ya pili, manake vuli hiyo aliniomba nisiziguse na mimi nikatii bila kujua sababu. Nikaingia asubuhi moja saa mbili hivi, sakitu imeanguka usiku, ile barafu nyembamba nyeupe, na kila kichwa cha sedumu kimebeba kofia yake ya barafu, jua ndio linatoka, na ndege wadogo wadogo jamii ya chiriku wananing'inia kwenye mashina wanadonoadonoa, wanatafuta mbegu na wadudu waliojificha mle ndani. Bustani nzima imelala, kilichosimama ni sedumu tu. Nilisimama pale na toroli langu sikusogea. Ningekuwa nimekata, ningekuta udongo mweusi.

Kwa hiyo nasema, na nitarudia mpaka mnichoke: msizikate vuli. Msizikate Oktoba. Msizikate Novemba.

Na sio kwa ajili ya uzuri na ndege peke yake. Mwanangu, ndiyo wewe mwenye koti jekundu, njoo hapa. Shika shina hili, shuka nalo kwa kidole mpaka chini kabisa linapoingia kwenye udongo. Unahisi nini? Sema kwa sauti wasikie. Vijidude vigumu, enhe. Angalieni ndugu zangu, hivi ni vitumba vya mwakani, vimeshatokea tayari, vidogo vimejikunja kama kabichi za watoto za kuchezea. Mwaka ujao wote uko hapa, kwenye vitumba hivi, na yale mashina makavu juu yake ndio mwavuli wao. Sedumu yenyewe haiogopi baridi, hata nyuzi 20 chini ya sifuri inavuka, lakini mkasi unapita chini kabisa Novemba unakata na vitumba humohumo, au unaviacha wazi vinakanyagwa maana hakuna alama kwamba hapa pana kitu. Wangapi mmechimba Februari mkatoboa kiazi cha ua ambalo mlisahau lipo? Mashina yale ni alama.

Halafu wadudu. Wale wadogo wekundu wenye madoa meusi mgongoni, wanaokula vidukari kwenye mboga zenu, winta wanajibana kwenye makavu kama haya. Wewe mwenye kiploti cha halmashauri unalima mchicha na maboga halafu Mei unalia vidukari vimekumaliza, jiulize Novemba ulifyeka nini.

Sasa unakata lini? Mwisho wa Februari mpaka katikati ya Machi. Vitumba vinaanza kufumuka, vinaonekana kijani, na mashina ya zamani yamekauka kiasi kwamba mengi huhitaji hata mkasi, unainamisha kidogo linakatika lenyewe tap, linaachia pale pale lilipotokea. Yale magumu kata kwa mkasi wa kupogolea, acha kisiki cha vidole viwili juu ya vitumba. Usichelewe mpaka Aprili, machipukizi yakishafika kimo cha kiganja kila ukiingiza mkono unavunja mawili matatu. Na yale makavu usiyatupe siku hiyohiyo, yalaze kwenye kona wiki kadhaa wadudu waliolala humo wapate kutoka. Kitu kimoja tu ndio unaondoa wakati wowote, shina lililooza likawa jeusi na utelezi. Hilo toa, hata kama ni Oktoba, hata kama ni Krismasi.

(Mzee mmoja hapa aliuliza, je kama linaziba njia ya mlangoni? Nikamjibu, mzee wangu, la mlangoni kata, nyumba ni yako. Nimeliweka hapa kwa sababu najua wengine mngeuliza.)

Nakuja kwenye mkato wa pili, na huu ndio watu wanauogopa. Mnaambiwa msikate vuli, mnafurahi, halafu nawaambia kateni Mei, mmea ukiwa mzima, kijani, umenona. Watu wananiangalia kama nimewaambia wachinje mbuzi mwenye mimba.

Hebu niulize. Nani hapa ameshawahi kuchuma mchicha shambani kwa mama yake? Ulikuwa unang'oa? Hapana. Unakata kichwa, si ndio? Ukikata kichwa kimoja wiki ijayo unakuta vimetokea viwili, vitatu, pembeni. Nani ametoka Mufindi, Njombe, Kericho, Limuru, kwenye chai? Mchai ukiachwa unakuwa mti. Kinachoufanya uwe ile meza ya kijani ni kukatwa na kuchumwa, majani mawili na kitumba, majani mawili na kitumba, kila siku. Mama zenu walikuwa wanajua hili bila kitabu. Ncha ya mmea inatengeneza homoni inaitwa oksini, inashuka kwenye shina na kuviambia vitumba vya pembeni tulieni, mkubwa yupo. Ukiondoa ncha, amri imeondoka. Vya pembeni vinaamka vyote.

Hapa Uingereza wanauita mkato wa Chelsea, kwa sababu unafanyika wakati wa maonyesho makubwa ya maua ya Chelsea, London, ambayo yako kwenye viwanja vya Royal Hospital tangu 1913 na huwa mwezi Mei. Kwa hiyo ukiona kwenye tivii wanaonyesha maua ya Chelsea, toka nje na mkasi.

Niliuogopa na mimi. Nilikuwa na mteja ana sedumu mbili pembeni ya baraza, umri mmoja, udongo mmoja, jua moja. Nikasema nitakata moja, nyingine niache, nione. Mwisho wa Mei nikaikata ile ya kushoto karibu nusu. Mwenye nyumba alitoka akaangalia akarudi ndani bila neno, nadhani alikuwa anahesabu siku za kunifukuza. Juni ile ya kushoto ilikuwa kama kuku aliyenyonyolewa, ya kulia inapendeza. Julai zikalingana kwa majani. Agosti ya kulia ikawa ndefu, ina vichwa vikubwa kama sahani za chakula, ya kushoto bado kijani. Mimi nikaanza kuwa na wasiwasi kweli. Halafu ikaja ile mvua ya Septemba, siku mbili na upepo. Nimefika Jumatatu nakuta ya kulia imelala chini pande zote kama mkeka, katikati shimo tupu, vichwa vimelowa matope, vingine vimevunjika shingo. Ya kushoto imesimama. Vichwa vidogo, ndiyo, lakini sikuvimaliza kuvihesabu, na ndio kwanza vinaingia waridi, na nyuki wamevijaza wote pale maana pa kulia hapakaliki.

Mwenye nyumba akasema, mwakani zote mbili.

Namna yake ni hii. Mashina yakifika kama sentimita 25 au 30, kata theluthi moja, ukiwa na moyo kata nusu, juu kidogo ya mahali majani yanapoota. Siku kavu, mkasi msafi. Maua yatachelewa kama wiki mbili tatu, hilo lijue mapema usije ukanilaumu. Ukifika Julai hujakata, acha, umechelewa, utajikuta maua yanataka kufunguka baridi imeshafika. Na mimi napenda zaidi njia hii: kata mashina ya mbele tu, ya nyuma yaache. Ya nyuma yanachanua kwanza, ya mbele yanafuata, na yale mafupi yanayazuia marefu yasianguke. Vipepeo wanapata meza ndefu.

Ila jamani, mkasi sio dawa ya kila kitu. Kuna rafiki yangu mmoja aliniita, sedumu zake zinalala kila mwaka hata akizikata Mei. Nafika nakuta ziko chini ya mti, na pembeni gunia la samadi ya kuku. Anazilisha kama mahindi! Sedumu ukiipa mbolea nyingi inanenepa maji matupu, shina halina nguvu. Ukiiweka kivulini inajivuta kutafuta jua inaanguka. Huu ni mmea wa dhiki. Unajua ndugu zake kwa tabia ni nani? Mkonge na nanasi. Vitundu vya majani vinaweza kubaki vimefungwa mchana wa jua kali, vinafunguka usiku kuvuta hewa wakati kuna ubaridi, ili maji yasipotee. Waliosafiri Tanga hadi Korogwe wameona mkonge umesimama kwenye jua lile bila mtu kuumwagilia. Nani aliupa samadi? Sedumu nayo jua kali, udongo usiotuamisha maji, basi. Na mmea ukishazeeka ukaanza kuwa na upara katikati, miaka mitatu minne hivi, ung'oe wote machipuo yakianza, Machi au Aprili, upasue kwa koleo, panda vipande vya pembeni, kile cha katikati kilichochoka kitupe kwenye mboji.

La mwisho, na hili ndilo lililonifanya nikubali kuja leo.

Ukikata Mei unabaki na nini mkononi? Rundo la ncha. Watu wanazitupa. Ndugu zangu msizitupe! Mwandishi mmoja wa Kiingereza wa karne ya 17, John Aubrey, ameandika kwamba wasichana wa kazi wa siku zile, wapishi na wakamuaji maziwa, walikuwa wanachukua vijitawi vya sedumu ya Ulaya mwezi wa sita wanavichomeka kwenye nyufa za dari, viwiliviwili, kimoja mwanamume kimoja mpenzi wake. Vikiinamiana kuna mapenzi, vikipeana mgongo hakuna. Sasa fikirieni, tawi limekatwa, limechomekwa kwenye ubao, halina udongo wala maji, na bado linaishi, linageuka. Ndivyo mmea huu ulivyo. Unataka kuishi.

Kwa hiyo chukua ncha yenye urefu wa kidole, toa majani ya chini, iache juu ya gazeti siku moja kidonda kikauke, halafu ichomeke kwenye kopo lenye mboji uliyochanganya na mchanga mwingi wa chengachenga. Maji kidogo. Dirishani penye mwanga. Wiki tatu nne ukiivuta taratibu inakukatalia, ujue imeshika mizizi.

Yule bibi wa njia ya sedumu alifariki miaka michache iliyopita. Nyumba iliuzwa, wenye kununua wakaweka zege mbele ili wapate pa kuegesha gari, ni haki yao. Lakini Mei ya mwisho nikiwa kwake tulikata wote, yeye amekaa kwenye kiti ananielekeza, na aliniambia chukua hizo ncha uondoke nazo. Nilipanda kumi na nane. Huu uliopo hapa mezani umetoka kwenye zile.

Na vile vyungu mnavyoviona kule nyuma karibu na masufuria ya pilau, arobaini na mbili, ni ncha za Mei mwaka huu. Kila familia ichukue kimoja. Mnaokaa ghorofani bila bustani chukueni vile vidogo vya ukutani, kibaraza chenye jua kinatosha, ila chungu kiwe na matundu chini, na kila baada ya muda kipindueni mtazame mizizi. Kuna fukusi mweusi anataga humo, funza wake weupe wanakula mizizi yote, mmea unanyauka unadhani ni kiu unaongeza maji. Ukiwakuta mwaga udongo wote nje, waokote, osha kilichobaki, panda upya.

Vina mashina makavu mawili matatu juu, vimechakaa, najua. Visafirisheni hivyohivyo kwenye gari, taratibu. Watoto wasitafune majani na ukikata mengi vaa glavu, utomvu wake unawasha wengine. Mkasi mtautafuta Machi, na nitawatumia meseji wiki ile yenyewe.

Haya, pilau inapoa. Wamama wenye watoto wadogo tangulieni.